Kiwavi mwenye pembe kwenye marando na nondo wa fuvu mzingani: je, ni mdudu mmoja?

Swali: Shikamoo mtaalamu. Mimi ni mkulima wa Gairo, nalima viazi vitamu, na pembeni mwa shamba nimetundika mizinga ya nyuki. Baada ya mvua hizi nimekuta viwavi wanene kwenye marando, wengine kijani, wengine weusiweusi, wote wana pembe mkiani, na wanakula majani hadi wanabakiza vikonyo vitupu. Wiki hiyohiyo nimefungua mzinga nikakuta nondo mkubwa amekufa chini, mgongoni ana sura ya fuvu la mtu. Jirani ananiambia nimetumiwa kitu. Mwenye duka la pembejeo ananiambia nondo huyo ndiye mama wa hao viwavi, nipulize dawa shamba zima kabla hajaja mwingine. Je, ni kweli ni mdudu mmoja? Na nifanye nini?

Jibu:

Marahaba mwanangu. Jambo la kwanza, dawa usipulize. Una mizinga pembeni mwa shamba, na dawa nyingi za kuua viwavi zinazouzwa madukani huua nyuki vilevile, hasa zikipulizwa mchana wakati nyuki wako kwenye maua ya viazi na ya magugu. Utapoteza asali kwa ajili ya wadudu ambao, kama nitakavyokueleza, wamebakiza siku chache tu kuondoka wenyewe.

Jambo la pili, nondo uliyemkuta mzingani si mama wa viwavi hao. Ni wadudu wawili tofauti. Kwa kitaalamu yule wa viazi vitamu huitwa Agrius convolvuli, na yule wa mzingani Acherontia atropos. Hapa nitawaita nondo wa viazi na nondo wa fuvu. Simlaumu sana mwenye duka kwa kuwachanganya, maana ni ndugu wa karibu. Wote ni wa familia ya Sphingidae, yenye aina zaidi ya 1,400 duniani, na ndani ya familia hiyo wamo katika kundi dogo moja, Acherontiini. Carl Linnaeus, mwanasayansi wa Uswidi aliyeanzisha utaratibu wa majina ya kitaalamu ya viumbe, aliwapa wote wawili majina mwaka 1758. Wote ni wakubwa, wote huruka usiku kwa nguvu, na viwavi wa wote wawili wana pembe mkiani. Ila wametofautiana mahali pamoja ambapo mtu hafikirii kutazama, yaani mdomoni, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kila mmoja anaishi wapi, anakula nini, na anakudhuru au anakusaidia vipi.

Kama bado unaye yule nondo uliyemwokota, mweke kwenye karatasi nyeupe umtazame kwa utulivu. Mabawa ya mbele ni ya kahawia iliyokolea, karibu nyeusi, yenye vumbi la njano njano na mistari iliyojikunja. Yafunue taratibu uone mabawa ya nyuma, yana manjano yaliyoiva na mikanda miwili myeusi. Tumbo nalo ni la manjano lenye pete nyeusi, na katikati ya mgongo, kutoka kifuani kwenda mkiani, kuna mfululizo wa mabaka ya buluu ya kijivu. Kutoka ncha ya bawa hadi ncha ya bawa ni sentimita 9 hadi 13. Fuvu lenyewe liko kifuani, na ni magamba tu, yaani yale magamba madogo yanayokuganda vidoleni kama unga unapomshika nondo yeyote. Sugua kidogo uone, litafutika.

Sasa mgeuze chali. Chini ya kichwa, kati ya macho, kuna mrija wake wa kunyonyea umejikunja. Uingize sindano kwa chini uukunjue. Utaona ni mfupi, haufiki hata sentimita 2, ni mnene, mgumu, na ncha yake ni kali. Mrija huo haufai kwa maua yenye koo refu. Kazi yake ni kutoboa.

Nondo wa viazi huenda umeshamwona mara nyingi bila kumjali, kwa sababu mchana hutulia kwenye gome la mti au kwenye nguzo ya uzio na rangi yake ya kijivu humficha kabisa. Upana wa mabawa yake ni sentimita 8 hadi 12. Kitu cha kumtambulia ni ubavuni mwa tumbo, ambako kuna mikanda ya waridi na myeusi inayopokezana, na katikati ya mgongo umepita mstari mpana wa kijivu. Hana fuvu na hana manjano. Ukiukunjua mrija wa huyu utashangaa, kwa kuwa unaweza kufika sentimita 10, mrefu kuliko mwili wake wote. Akiwa ametulia huukunja chini ya kidevu, na jioni akisimama hewani mbele ya ua huunyoosha hadi ndani kabisa kwenye maji matamu ya ua, yaani mbochi, bila miguu yake kugusa petali.

Ndugu wa ukoo mmoja, na mmoja ana mrija mrefu kuliko wa mwenzake mara tano au zaidi. Mimi nimewafuatilia nondo kwa miaka mingi na bado jambo hili hunifurahisha kila ninapowaweka mezani pamoja.

Nondo wa viazi, kwa sababu ya urefu huo, ni mchavushaji wa maua ya usiku. Maua meupe au yaliyopauka, yanayofunguka jioni, yenye harufu kali na koo refu jembamba, ndiyo chakula chake. Nyuki hawafiki chini huko, wala vipepeo wengi hawafiki. Watafiti Dino Martins na Steven Johnson, waliochunguza nondo wa familia hii na maua yao Afrika Mashariki, wameonyesha kwamba kuna mimea yenye maua marefu inayowategemea nondo wenye mirija mirefu, na huyu wa viazi ni mmoja wa muhimu kati yao. Baadhi ya okidi zetu nyeupe za porini zimo katika kundi la maua yanayochavushwa na nondo wa familia hii.

Na hapa nakuuliza, una mapapai nyumbani? Wakulima wengi hudhani papai hujizalia tu. Mipapai mingi ni dume au jike. Ua dume lina mbochi, lakini ua jike halina kitu cha kumpa mgeni, kwa hiyo chavua inategemea mdudu anayepita kwa kasi kutoka ua hadi ua wakati wa magharibi na kuingia ua jike kwa kulidhania dume. Wadudu hao kwa sehemu kubwa ni nondo wa familia hii. Martins na Johnson walichapisha mwaka 2009 utafiti wao wa Kenya kuhusu mapapai, wakaonyesha kwamba umbali wa shamba kutoka kwenye pori na hali ya pori lenyewe vina athari kwenye uchavushaji huo. Kwa hiyo mtu anayepuliza dawa kila anapoona pembe kwenye jani anaweza baadaye kukaa akijiuliza mbona mipapai inachanua na haizai. Jioni moja simama karibu na mpapai dume jua linapozama, giza halijaingia sawasawa. Utasikia mvumo wa mabawa kabla hujaona chochote.

Nondo wa fuvu maua hayamvutii sana. Hunywa utomvu wa miti iliyojeruhiwa, maji ya matunda yaliyooza, na zaidi ya yote asali. Usiku huingia mzingani kwa mlango uleule wa nyuki, hutembea juu ya masega, hutoboa kifuniko cha nta kwa ule mrija mfupi, hunyonya, kisha hutoka. Mtu anaweza kuuliza inakuwaje nyuki wetu, ambao mbuzi akipita karibu wanamshambulia, wamwache mgeni mkubwa namna hiyo. Sehemu ya jibu ni harufu. Mwaka 1991 mtafiti Robin Moritz na wenzake walipima mafuta yaliyo juu ya ngozi ya nondo huyu, wakakuta asidi nne za mafuta zilezile zilizo kwenye ngozi ya nyuki, tena kwa viwango vinavyokaribiana. Gizani nyuki humtambua mwenzake kwa harufu, na nondo huyu ananukia kama mtu wa nyumbani. Pia ngozi yake ni nene na manyoya yake ni mazito, hivyo mwiba haupiti kwa urahisi.

Tena ana sauti. Ukimshika akiwa hai hulia mlio mkali, na watu wengi humwachia hapohapo kwa hofu. Hewa huvutwa ndani ya koo na kutolewa tena kupitia ule mrija mfupi, na kiungo kidogo mwanzoni mwa koo hutikisika. Hajapandwa na pepo wala hakuiti jina. Kuhusu jirani yako, mjibu kwa upole. Hata Ulaya, nondo huyu akiingia ndani ya nyumba, watu walisema kifo kinabisha hodi, kwa sababu ya fuvu hilo na mlio huo. Ni hofu inayoeleweka, lakini mdudu huyu alifuata asali yako, hakufuata roho yako.

Mbona basi alikufa? Harufu humlinda kwa muda, haimlindi siku zote. Walinzi wa mlangoni wakimgundua, au akikawia ndani na kuanza kuhangaika, nyuki humzonga hadi afe. Mwili wake mzito hawawezi kuubeba nje, na ndiyo maana wafugaji huokota mizoga sakafuni mwa mzinga, wakati mwingine imepakwa gundi ya nyuki ili isiozee ndani. Kundi lako linaonekana lina nguvu, maana kundi dhaifu lisingemweza. Asali anayokunywa nondo mmoja ni kidogo, haitakupunguzia mavuno. Ukiona wanaingia mara kwa mara, punguza kimo cha mlango wa mzinga kifike kama milimita 8. Nyuki mwenye mzigo anapita, nondo huyu kifua chake hakipiti. Hilo latosha kwa upande wa mizinga.

Turudi shambani, ambako ndiko maumivu yako yaliko. Viwavi wa nondo wa viazi hula jamii ya viazi vitamu na ndugu zake wa porini, yale magugu yanayotambaa yenye maua ya zambarau au meupe ya umbo la faneli. Kiwavi aliyekomaa ana urefu wa sentimita 9 hivi. Wapo wa kijani na wapo wa kahawia iliyokolea hadi nyeusi, na usidhani ni aina mbili, ni aina ileile moja yenye rangi tofauti. Pembe yake ni laini ukiigusa, imepinda kwa chini bila kupindukia tena, na kwa viwavi wengi wa kijani ina rangi ya chungwa yenye ncha nyeusi.

Kiwavi wa nondo wa fuvu utamkuta kwenye mimea ya jamii ya nyanya, kama vile viazi mviringo, bilinganya, mnavu, tumbaku, mranaha na mtulatula wa porini. Huyu ni mkubwa zaidi, hufika sentimita 12 au 13. Mara nyingi ni wa manjano au kijani mwenye michirizi saba ya mshazari, ya zambarau au buluu, kila ubavu. Wapo pia wa kahawia wenye mabaka meupe nyuma ya kichwa. Pembe yake ina chunusi chunusi, unazihisi kidoleni, na ncha yake imejikunja kurudi juu. Ukimchokoza hugonganisha taya zake ukasikia mlio mdogo wa kukatika. Sijawahi kuona shamba la nyanya lililoangamizwa naye, kwa kawaida hupatikana mmoja mmoja.

Wote wawili hawana sumu ya kuchoma, hawana manyoya ya kuwasha, na pembe ile haichomi. Mtoto akimshika hatadhurika. Wasan, wenyeji wa jangwa la Kalahari ya Kati nchini Botswana, huwala viwavi wa nondo wa viazi baada ya kuwasafisha na kuwachoma kwenye jivu la moto. Sikushauri wewe ule, nakueleza ili uondoe hofu ya kuwashika.

Maana kuwashika ndiyo dawa yenyewe. Nondo jike hutaga yai mojamoja kwenye majani, dogo la mviringo, kama milimita moja. Yai huanguliwa kati ya siku 5 na 11, kiwavi hula kwa wiki 3 hadi 4, kisha hushuka ardhini kuwa pupa, yaani hatua ya kutulia ndani ya ganda hadi ageuke nondo, na kutegemea joto pupa hukaa siku 5 hadi 26 kabla nondo hajatoka. Angalia hesabu hiyo vizuri. Kiwavi hula sehemu kubwa ya chakula chake chote katika siku zake za mwisho, kwa hiyo mkulima hustuka pale viwavi wanapokuwa wanene, na wakati huo tayari wako karibu kuingia ardhini. Ukipuliza dawa wakiwa na urefu wa sentimita 9 unatumia fedha kuua wadudu waliokwisha kula, na unawaua nyuki wako na maadui wa viwavi hao kwa mkupuo.

Mmea wa kiazi kitamu huvumilia sana kuliwa majani ikiwa mizizi imeshaanza kunenepa. Hurudisha majani mapya haraka, hasa mvua ikiwapo. Hatari ya kweli ni kwenye marando machanga, wiki chache baada ya kupanda, kabla hayajafunika tuta. Kama yako yamefunika tuta, tulia. Na kwa viazi vitamu adui anayestahili kukunyima usingizi ni fukusi wa viazi, anayetoboa kiazi chenyewe ardhini na kukifanya kiwe kichungu, wala si kiwavi anayekula jani linalochipua tena.

Pita shambani asubuhi mapema. Usitafute viwavi kwanza, tafuta kinyesi chao. Ni punje kubwa za kijani iliyokolea au nyeusi, zenye mifereji, ziko juu ya majani ya chini au kwenye udongo. Inua shina lililo juu yake, utamkuta amejibana upande wa chini, kichwa amekiinua. Mtoe kwa mkono, umpe kuku. Ukikuta kiwavi mwenye vifuko vidogo vyeupe vimeganda mwilini, au vijiyai vyeupe nyuma ya kichwa, huyo mwache palepale. Ameshavamiwa na nyigu au nzi wanaokula viwavi, atakufa mwenyewe, na watakaotoka kwake watawamaliza wenzake bure. Baada ya kuvuna, lima tuta lote ligeuke. Pupa wa kahawia nyekundu watatokea juu na kuku na ndege watawaokota. Hapo ndipo unapopunguza nondo wa msimu ujao.

Msimu mwingine viwavi wakija wengi kwenye marando machanga na mikono isitoshe, uliza dawa ya kibiolojia ya bakteria Bacillus thuringiensis, aina inayolenga viwavi. Pulizia jioni wakati viwavi bado wadogo, na upulizie viazi tu. Haiwadhuru nyuki. Kwa hali uliyonieleza sasa, sioni sababu ya kuinunua.

Kama unataka kumwonyesha mwenye duka kwa macho yake, chukua kiwavi mmoja mnene kutoka kwenye marando, umweke kwenye ndoo yenye udongo laini kina cha shibri moja, umpe majani mabichi kila siku hadi azame. Siku chache baadaye fukua kwa uangalifu. Pupa wa nondo wa viazi ana ala ya mrija iliyochomoza nje ya mwili na kujikunja kama mpini wa jagi, kwa sababu mrija ule mrefu unahitaji mahali pa kukulia. Pupa wa nondo wa fuvu hana kitu hicho, ni laini mbele kote. Hakuna ushahidi ulio wazi kuliko huo, na unauona hata kabla nondo hajatoka.

Wote wawili ni wasafiri, kwa hiyo usitegemee kwamba ukiwaua wote wa shambani kwako msimu ujao hawatakuja. Nondo wa viazi wa Afrika hufika Ulaya, na wamewahi kuonekana hadi Iceland. Nondo wa fuvu nao huvuka Sahara na bahari. Mwaka 2022 ilichapishwa kazi ya wanasayansi waliowafunga nondo wa fuvu 14 vifaa vidogo vya redio huko Ujerumani na kuwafuata usiku kwa ndege ndogo kuelekea milima ya Alps. Walinyoosha njia yao hata upepo ulipowapinga, na walifuatwa kwa umbali wa hadi kilomita 80 hivi kwa usiku mmoja. Mdudu wa namna hiyo mpaka wa shamba lako haumzuii.

Endelea kuwatazama jioni, na kama utamkuta nondo wa kijivu aliyefanana na wa viazi lakini badala ya waridi ana manjano ubavuni na kwenye shina la mabawa ya nyuma, wala hana fuvu, mpige picha unitumie. Huyo huenda ni ndugu yao wa tatu wa kundi hilohilo, Coelonia fulvinotata, na ningependa sana kujua kama yupo Gairo.